Paul Nordoff: Profesa aliyeacha sifa za jukwaani akaifuata ngoma ya mtoto asiyesema

MSAFIRI anayetoka mjini Embu kuelekea Meru hupita Runyenjes, akavuka mto Thuci na kuingia Chuka, sehemu ambayo sifa yake imebebwa na ngoma kuliko kitu kingine chochote. Wapiga ngoma wa Chuka huibana ngoma ndefu kati ya mapaja, wakainama mbele na kuichapa huku mwili mzima ukiyumba. Kwa miaka mingi Wakenya waliwazoea katika sherehe za kitaifa.

Hata hivyo, katika miteremko hiyo hiyo ya Mlima Kenya wapo watoto ambao ngoma ikilia hawatolewi nje. Ni watoto wasiogeuka wakiitwa kwa majina, wasiomtazama mtu machoni, wanaozungusha kifuniko cha chupa kutwa nzima bila kuchoka na wanaoziba masikio lori likipita. Baadhi yao hufika umri wa kwenda shule bila kutamka neno. Majirani hunong'ona kuhusu laana, wengine hutaja uchawi, na mara nyingi lawama humwangukia mama.

Wataalamu huiita hali hiyo usonji. Si ugonjwa wa kuambukiza wala matokeo ya malezi mabaya, bali ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema mno maishani, na urithi wa damu una nafasi kubwa ndani yake. Haina dawa ya kuiondoa. Kinachowezekana ni kumsaidia mtoto kuwasiliana, kujifunza na kuishi na wenzake kwa utulivu zaidi.

Mtu anayesimuliwa katika makala haya hakuwa daktari, wala hakuwa Mmeru au Mwembu. Alikuwa Mmarekani, mtunzi wa muziki wa kumbi kubwa, na chombo alichomwekea mbele mtoto wa aina hiyo kilikuwa ngoma. Ndiyo sababu kisa cha Paul Nordoff kinafaa kusimuliwa huku kwenye nchi ya ngoma.

Nordoff alizaliwa Juni 1909 mjini Philadelphia. Alisomea piano katika chuo cha muziki cha mji huo, kisha akaenda New York katika shule mashuhuri ya Juilliard, ambako alifunzwa na mpiga piano Olga Samaroff. Kabla hajatimiza miaka 30 alikuwa amepata mara mbili, mnamo 1933 na 1935, ufadhili wa Guggenheim, ambao hutolewa kwa wasanii na wasomi waliokwisha kuonyesha kipaji cha pekee.

Mwaka wa 1939 muziki wake ulitumika katika mchezo wa dansi wa Martha Graham uitwao Every Soul Is a Circus. Graham alikuwa miongoni mwa wachezaji dansi waliosifika sana Marekani wakati huo, na mtunzi aliyeshirikishwa naye alihesabiwa kuwa amefika. Nordoff alitunga pia nyimbo nyingi, vipande vya piano na kazi za okestra. Baadaye alipata nafasi ya kufundisha muziki katika chuo cha Bard, jimbo la New York, akawa profesa mwenye jina, mshahara na wanafunzi.

Kama mambo yangeendelea hivyo, leo angetajwa katika kamusi za muziki na mahali pengine pachache.

Mnamo 1958, akiwa ziarani Ulaya, alifika Sunfield, makao ya watoto wenye ulemavu wa akili yaliyoko Clent, katika eneo la Worcestershire nchini Uingereza. Makao hayo yalikuwa yameanzishwa mwaka wa 1930 na wafuasi wa mwanafalsafa Rudolf Steiner, ambaye mafundisho yake Nordoff naye aliyafuata. Humo muziki ulikuwa sehemu ya maisha ya kila siku, na mgeni huyo akaona watoto ambao maneno hayakuwafikia wakibadilika waliposikia sauti ya ala.

Si rahisi kueleza ni nini hasa kilichomgusa. Mtu aliyezoea kuupima muziki kwa makofi ya ukumbi alikuta msikilizaji asiyejua kupiga makofi, asiyejua mtunzi ni nani, na ambaye hata hivyo uso wake ulibadilika sauti fulani ilipopigwa. Nordoff alirudi Marekani, lakini moyo wake ulibaki Clent. Mwaka wa 1959, akiwa na umri wa miaka 50, aliacha kiti chake cha uprofesa akarudi Uingereza kuwapigia piano watoto hao.

Mtu anayeijua thamani ya ajira ya kudumu, iwe chuoni New York au serikalini Embu, ataelewa uzito wa uamuzi huo. Wakati huo tiba ya muziki kwa watoto wa aina hii haikuwa kazi yenye njia iliyokwisha kufyekwa.

Hapo Sunfield alishirikiana na mwalimu kijana, Mwingereza Clive Robbins, aliyezaliwa mwaka wa 1927. Robbins alikuwa amejeruhiwa mkono wa kushoto ujanani na hakuwa na matumaini ya kuwa mpiga piano, lakini alikuwa na jambo ambalo Nordoff hakuwa nalo: alikuwa ameishi na watoto hao kila siku, aliwajua tabia zao, na alijua lini amsogelee mtoto na lini amwache. Wawili hao wakagawana kazi. Nordoff alikaa kwenye piano na Robbins alikuwa upande wa mtoto, penye ngoma na tuazi.

Namna walivyofanya kazi inahitaji kuelezwa kwa kina kidogo, maana ndiyo urithi wenyewe.

Mtoto aliletwa chumbani. Pengine alikimbia huku na huko, pengine alijificha chini ya piano, pengine alizunguka mahali pamoja kama pia. Nordoff hakuanza na wimbo alioutayarisha ili mtoto aufuate. Aliupiga ule mwendo aliouona. Mtoto akitembea upesi, piano ilitembea upesi. Akisimama, muziki ulisimama. Akigonga ngoma mara tatu na kunyamaza, piano ilijibu kwa migongo mitatu, kisha ikangoja.

Kungoja huko ndiko kulikokuwa na nguvu. Baada ya dakika chache, au baada ya siku nyingi, mtoto aligundua kwamba kuna sauti chumbani inayomfuata yeye. Maisha yake yote alikuwa ameamriwa: kaa, acha, njoo, nyamaza. Sasa kwa mara ya kwanza alikuwa yeye anayeongoza. Akagonga tena ili ahakikishe. Piano ikajibu tena. Katika kugonga kule na kujibiwa kule, watu wawili walikuwa wamekwisha kuanza kuzungumza pasipo neno hata moja.

Msomaji aliyekulia Meru au Embu hatahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hilo. Katika nyimbo zetu za jando, za mavuno na za arusi, mwimbishaji hutupa neno na umati hulidaka. Nafasi iliyoachwa kati ya mwimbishaji na waitikiaji si kimya kitupu. Ni mwaliko, na kila aliyepo huhisi mwili wake ukivutwa kuijaza. Tofauti ni kwamba katika uwanja wetu kiitikio kinajulikana na wote, na asiyekijua huonekana mgeni. Katika chumba cha Nordoff mtoto ndiye aliyekuwa mwimbishaji, hata kama wimbo wake ulikuwa ni kugonga meza kwa kijiko, na mtaalamu ndiye aliyebeba jukumu la kujifunza kuitikia.

Nordoff na Robbins waliamini kwamba ndani ya kila mtoto, hata aliyelemewa vipi, umo uwezo wa kuzaliwa nao wa kuuitikia muziki. Hawakulichukulia hilo kama imani tu. Walirekodi vikao vyao kwenye kanda, kisha wakavisikiliza upya, wakiandika mtoto alifanya nini, kwenye sauti ipi na kwa muda gani. Mpiga piano aliyezama katika kupiga hawezi kuona yote. Kanda iliwaonyesha mara nyingi kwamba mtoto alikuwa amejibu nao hawakutambua.

Mnamo 1960 walizunguka Ulaya wakifanya kazi katika makao mengi ya watoto, kisha wakahamia Marekani. Kuanzia mwaka wa 1962 hadi 1967 waliendesha mradi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ukigharamiwa na taasisi ya taifa ya afya ya akili nchini humo. Kituo chao kilikuwa cha watoto wachanga kiumri waliotajwa kuwa na wazimu, kwa kuwa katika miaka hiyo usonji ulihesabiwa pamoja na magonjwa makubwa ya akili. Ni mwaka wa 1980 ndipo mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili ulipoutenga na kuupa jina lake.

Hapo ndipo alipofika Edward, mtoto wa miaka mitano na nusu, ambaye kisa chake kinajulikana na karibu kila mwanafunzi wa fani hii. Edward aliingia chumbani akilia na kupiga mayowe. Nordoff hakumnyamazisha. Aliutafuta ufunguo wa kilio chenyewe kwenye piano, akapiga na kuimba katika sauti ile ile, kwa nguvu ile ile ya mtoto. Kidogo kidogo kilio kikaanza kushika mahadhi. Mayowe yaliyokuwa hayana mwelekeo yakapata noti, na mtoto, akiwa bado analia, akawa anaimba pamoja na piano.

Mama aliyewahi kusimama na mtoto wa namna hiyo katika soko la Gakoromone mjini Meru, mtoto akipiga kelele na macho yote yakimgeukia mama, atajua thamani ya mtu asiyesema anyamazishwe.

Ni muhimu kukumbuka hali ya nyakati hizo. Daktari Leo Kanner wa Marekani ndiye aliyeueleza usonji mwaka wa 1943, akitumia watoto 11, na katika maandishi yake mlikuwamo tayari dokezo kuhusu ubaridi wa wazazi. Wengine walilikuza dokezo hilo likawa shtaka. Mwaka wa 1967 Bruno Bettelheim alitoa kitabu kilichosambaa sana, ambamo mama aliwekwa kizimbani kama chanzo cha hali ya mwanawe. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa na mtoto mwenye usonji, alikuwa amelipinga wazo hilo katika kitabu chake cha 1964 na kuonyesha kwamba chanzo kimo katika mwili, lakini ilichukua miaka mingi ushahidi kukubaliwa na wote.

Kwa hiyo wasomi wa Chicago na majirani wa kijijini walifika penye kosa moja kwa njia mbili. Hao walisema mama hakumpenda mwanawe, hawa husema alikiuka mwiko au alirogwa na mke mwenza. Nordoff hakuandikwa katika historia kama mpiganaji wa vita hivyo, na hapa hatumvishi taji lisilo lake. Ila chumbani mwake swali la nani alaumiwe halikuwa na kazi. Lililoulizwa ni kile mtoto anachofanya sasa hivi, na sauti gani itakayokutana nacho.

Hakuwa peke yake katika fani hii. Juliette Alvin, mpiga selo aliyezaliwa Ufaransa mwaka wa 1897 na kuhamia Uingereza, alianzisha chama cha tiba ya muziki huko mnamo 1958, mwaka ule ule Nordoff alipofika Sunfield. Mwaka wa 1968 alianzisha mafunzo ya fani hiyo katika chuo cha Guildhall jijini London, na mnamo 1978 akatoa kitabu kilichohusu watoto wenye usonji peke yao. Alvin alifariki 1982. Wawili hao hawakufanana kwa mbinu, lakini wote walikuwa wapigaji wa daraja la juu waliokubali kupiga noti moja tu pale ambapo noti moja ilitosha.

Baada ya Pennsylvania, Nordoff alifundisha katika nchi za Skandinavia. Mwaka wa 1971 yeye na Robbins walichapisha maelezo ya kazi yao na watoto, na mwaka wa 1974 wakaendesha mafunzo katika hospitali ya Goldie Leigh jijini London, ili kuandaa wataalamu wengine. Kufikia hapo afya yake ilikuwa imezorota. Alifariki Januari 1977 mjini Herdecke, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 67. Kitabu chao kikuu, Creative Music Therapy, kilitoka mwaka huo huo. Robbins aliendelea na kazi, kwa miaka mingi pamoja na mkewe, Carol, naye akaaga dunia mwaka wa 2011.

Je, aliyoyafanya yanathibitika? Hapa mwandishi wa haki hana budi kupunguza shangwe. Nordoff aliacha visa vya mtoto mmoja mmoja, vya kusisimua na vilivyoandikwa kwa uangalifu, lakini visa peke yake havimwambii mzazi kama mtoto angebadilika hata bila muziki. Aidha, msikilizaji hukumbuka zaidi kanda iliyofaulu kuliko ile ambayo mtoto alitoka kama alivyoingia.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2017 uliwahusisha watoto 364 wenye umri wa kati ya miaka minne na saba katika nchi tisa. Nusu yao walipata tiba ya muziki kwa miezi mitano pamoja na huduma za kawaida, na nusu wakapata huduma za kawaida tu. Mwishoni, kipimo kikuu cha dalili za usonji hakikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Habari hizo ziliwavunja moyo wengi.

Mwaka wa 2022 ukafuata uchambuzi wa jumla uliokusanya tafiti 26 zenye washiriki 1,165. Huo ulihitimisha kwamba tiba ya muziki pengine huleta nafuu kwa jumla, hupunguza ukali wa dalili na kuboresha maisha ya mhusika mara tiba inapokamilika, lakini haukuona uthibitisho wa wazi kwamba huongeza mazungumzo. Mzazi anayeambiwa kwamba ngoma itamfanya mwanawe aseme anadanganywa. Anayeambiwa kwamba ngoma ni kelele za bure naye pia hajaambiwa kweli.

Katika zile nchi tisa za utafiti wa 2017 haikuwemo hata moja ya Afrika. Zilikuwa Australia, Austria, Brazil, Israeli, Italia, Korea, Norway, Uingereza na Marekani. Si jambo geni. Mtafiti Victor Lotter, aliyechapisha mwaka wa 1978 matokeo ya uchunguzi wake kuhusu usonji barani Afrika, Kenya ikiwemo, aliwatafuta watoto katika taasisi za mijini. Mtoto aliyefungiwa nyumbani kijijini Tharaka au Mbeere asingeweza kuingia katika hesabu hiyo.

Nchini Kenya mambo yalisogea polepole. Vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalum vilianza mwaka wa 1984, na taasisi ya kuwafunza walimu wao, KISE, ikaanzishwa 1986. Kitengo cha watoto wenye usonji katika shule ya msingi ya City jijini Nairobi kilianza 2003. Eneo la Meru na Embu lina historia ndefu ya shule maalum, kama vile za viziwi za Kaaga na St Luke's na ya vipofu ya St Lucy's kule Igoji, lakini mtoto mwenye usonji husikia na huona, na kwa sababu hiyo hakuwa na mlango wake hasa.

Yapo pia mambo katika mbinu ya Nordoff yasiyosafirika kirahisi. Alihitaji piano, chumba tulivu na watu wazima wawili kwa mtoto mmoja. Alihitaji kipaji cha mtunzi anayeweza kugeuza mwendo wa mtoto kuwa muziki papo hapo. Mwalimu wa kawaida aliyehitimu Kigari au Egoji na kupewa darasa lililofurika hawezi kulaumiwa kwa kukosa vyote hivyo.

Ngoma yenyewe nayo si salama kwa kila sikio. Watoto wengi wenye usonji huumizwa na sauti kubwa, na kikundi cha Chuka kikipiga ndani ya chumba kilichofungwa kinaweza kumtesa mtoto badala ya kumfikia. Ukumbi wa mashindano ya tamasha la muziki, kwa vigelegele na vipaza sauti vyake, ni mahali pagumu kwake hata kama wimbo wa shule yake ni mzuri. Nordoff alipiga kwa nguvu pale tu mtoto alipokuwa ametangulia kwa nguvu.

Kinachosafirika ni ule mwendo wa kufuata na kungoja, na huo haugharimu piano. Mzazi anayeona dalili hizo bado ampeleke mtoto hospitalini na katika kituo cha kupima watoto, maana mchezo wa nyumbani haushiki nafasi ya mtaalamu. Lakini jioni ni ndefu. Ngoma ya Chuka ni kubwa mno kwa mtoto wa miaka mitano. Mtungi wa plastiki uliopinduliwa unatosha. Mtoto akigonga mara mbili, mama agonge mara mbili, kwa sauti ya chini. Akiziba masikio, aache. Akigonga tena, amjibu, kisha anyamaze na kungoja, hata kama kungoja huko kutachukua hadi chai ipoe.